Mbwa wa shamba amekuwa mkali mpaka kwa watu wa nyumbani, nimfanyeje?

MkulimaWaOle

Assalaam aleykum wanajamvi.

Niko Pemba, upande wa Ole. Nina mbwa dume anaitwa Bobi, umri wake kama miaka minne. Ni hawa mbwa wetu wa kienyeji, rangi ya udongo, sikio moja limelala. Alikuwa akikaa shamba na binamu yangu, kazi yake kulinda mbuzi, na msimu ukifika analinda karafuu zilizoanikwa. Kazi aliiweza, usiku mtu hakanyagi uwanja ule. Sasa binamu amehamia Unguja kutafuta maisha, shamba hakuna wa kumlisha, nikamleta nyumbani. Hapo ndipo tabu ilipoanza.

Nimemfunga mnyororo chini ya mwembe nyuma ya jiko. Mnyororo wenyewe mfupi, na pembeni pana kinjia wanachopita watoto kwenda chuoni kusoma Qur'ani. Mwanzo alikuwa akibweka tu. Sasa mtu akisogea wakati anakula anapiga mngurumo wa kifuani, manyoya ya mgongo yanasimama. Mpwa wangu wa miaka sita alifuata mpira uliobiringika karibu na bakuli, Bobi akamrukia akadaka upindo wa kanzu. Mwili hakuugusa, kanzu ndiyo iliyochanika. Mke wangu tangu siku hiyo anamrushia chakula kwa mbali kama anayemlisha papa. Na juzi mimi mwenyewe, ninayemfuga, nimempapasa kichwani akanikenulia meno. Hilo hajawahi kunifanyia.

Ushauri ninaoupata mtaani ni huu: mmoja kaniambia nimpige mpaka ajue nani bwana wake. Mwengine anasema nimhasi, atapoa. Jirani anataka kwenda kwa sheha, kiongozi wetu wa mtaa, na kanambia wazi kwamba nimtie sumu mambo yaishe. Mama naye hakumtaka mbwa karibu na nyumba tangu mwanzo kwa ajili ya najisi, sasa amepata na hoja ya pili. Mimi sitaki kumuua. Na msimu wa karafuu unakuja, namhitaji. Nianzie wapi?

BububuKwetu

Mbwa aliyeshika nguo ya mtoto leo, kesho atashika nyama. Muondoe kabla hujaitwa kituoni. Mbwa wapo wengi, mtoto ni mmoja.

MsasiWaKusini

Waaleykumu salaam Mkulima. Hilo la mtoto Bububu kasema kweli, na nitalirudia mwisho. Lakini kuondoa ni neno la mwisho, si la kwanza, na wewe umetuandikia mambo manne yaliyochanganyika ukadhani ni moja.

Mimi msasi, niko kusini ya Unguja. Huku tunakwenda msituni na mbwa kufuata nguruwe wanaomaliza mihogo ya watu. Paa nunga hatumgusi, yule analindwa. Mbwa niliokaa nao ni wengi, wapole na wakorofi, na waliouma watu pia wamo. Kwa hiyo nitasema ninayoyajua.

Kwanza kichwa. Mbwa anayekubali kupapaswa na bwana wake miaka yote, kisha siku moja anakenua meno mkono ukifika kichwani, huyo mara nyingi ana maumivu. Umesema sikio moja limelala. Limelala tangu alipozaliwa au limelala siku hizi? Sikio lililojifunika, na unyevunyevu huu wa visiwani, ndani hapakauki. Kupe wanaingia, ukungu unaota, usaha unajaa. Usiende kulifungua kwa nguvu, utaumwa na utastahiki. Kaa mbali umtazame: anatikisa kichwa? Anajikuna sikio kwa mguu wa nyuma kisha analia kidogo? Anashika kichwa upande? Akipita upande wa upepo unasikia harufu? Ukiona moja tu katika hayo, usianze mafunzo yoyote kabla hajatibiwa. Mtu mwenye jino linalomuuma humfundishi adabu siku hiyo.

Pili bakuli. Mbwa anayenguruma juu ya chakula hajakuasi. Ana khofu ya kunyang'anywa, basi. Shamba alikuwa anakula peke yake, hapa anakula watu wanapita, kuku wanadonoa pembeni, mpira unabiringika. Sisi tukirudi msituni kila mbwa anapewa fungu lake mahali pake, hata ndugu wa tumbo moja hawali pamoja. Watu wanafikiri dawa ni kumpokonya bakuli katikati ya chakula ili azoee. Hiyo ndiyo njia ya kumthibitishia kwamba khofu yake ilikuwa sahihi.

Fanya hivi. Mpe chakula chake cha kawaida, ugali na ukoko au chochote mnachompa. Wewe simama mbali, pale ambapo bado anakula bila ya kukazana. Utajua amekazana: anaacha kutafuna, kichwa kinabaki chini juu ya bakuli, mwili unakuwa mkavu, na weupe wa jicho unaonekana pembeni. Ukiona hivyo umesogea mno, rudi nyuma. Ukiwa kwenye umbali mzuri, mtupie kitu kitamu kuliko kilichomo bakulini, kichwa cha samaki kibua au kipande cha utumbo wa mbuzi, kisha geuka uondoke. Usimwambie kitu, usimkodolee macho. Kesho tena. Baada ya muda utamuona anainua kichwa kutazama mkono wako badala ya kuulinda ugali. Hapo ndipo unaposogea hatua moja. Moja! Watu wanaharibu kwa haraka. Na kazi hii ni yako wewe mkubwa, mtoto hashiriki hata kwa kutazama kwa karibu.

Tatu fimbo. Usimpige kwa kunguruma. Mngurumo ni hisani anayokufanyia, anakwambia rudi nyuma kabla mambo hayajaharibika. Ukimpiga kila anaponguruma, khofu haitoki, kinachotoka ni sauti. Utabaki na mbwa anayeuma kimya kimya, na watu watakuja kusema "ameuma bila sababu." Nimewaona mbwa wa namna hiyo, na wengi wametengenezwa na fimbo. Kabla ya mngurumo pia kuna mambo: anageuza uso upande, analamba midomo na chakula hakuna, anapiga mwayo na usingizi hana. Jifunze hayo, utamuwahi mapema.

Nne, na kwangu hili ndilo kubwa, huo mnyororo na hicho kinjia. Mbwa akiogopa kitu ana njia mbili, kukimbia au kupambana. Wewe umemfunga, ya kukimbia umemnyima, imebaki ya meno. Kisha fikiria anachokiona yeye: watoto wanakuja, anabweka, watoto wanaondoka. Wao wanakwenda chuoni, lakini yeye anadhani amewafukuza. Asubuhi ameshinda, jioni wakirudi ameshinda tena, kila siku. Umempa mwalimu wa ukali anayesomesha mara mbili kwa siku, halafu unashangaa mwanafunzi anafaulu.

Mtoe pale leo. Mpeleke upande wa nyumba usio na njia, hata kama hakuna mwembe, mjengee kibanda cha makuti apate kivuli na maji. Kama huwezi kuacha kumfunga, funga waya mrefu baina ya miti miwili, tia pete, mnyororo uteleze juu ya waya, apate pa kutembea. Na alfajiri baada ya sala mtoe kwa kamba mzunguke naye shambani anuse. Mbwa aliyezoea shamba zima, leo anazunguka shina la mwembe.

La mtoto: mpwa wako na wenziwe wasifike alipo mpaka uone mabadiliko, na hata baada ya mabadiliko wasikae naye bila ya mtu mzima. Kwa hili sina maelewano.

BwanaMifugoMstaafu

Nimefurahi kumsoma Msasi, kanipunguzia kazi. Mimi nilikuwa mifugo, Wete, sasa nimestaafu. Naongeza yaliyo upande wetu.

Mkulima, hukusema kama Bobi amechanjwa. Hilo lilikuwa swali la kwanza. Mbwa akibadilika tabia, sisi tunafikiria kichaa cha mbwa kabla ya jambo jengine lolote. Kwa maelezo yako sidhani ndicho, kwa sababu anakula, anakujua, ukali wake una mahali pake na wakati wake, na umeendelea kwa muda. Mbwa mwenye kichaa ugonjwa ukishajitokeza humaliza siku chache tu akafa. Unamuona anakwenda ovyo, anauma miti na mawe, sauti imebadilika, udenda unamtoka, taya linalegea hawezi kumeza. Wengine hawawi wakali kabisa, wananyong'onyea na kujificha gizani, na hao ndio wanaowadanganya watu. Lakini usikae kwa dhana yangu. Tafuta kadi ya chanjo. Chanjo huanza mbwa akiwa na miezi mitatu na hurudiwa kila mwaka.

Nasema haya kwa sababu Pemba tumeshapita huko. Kwa kampeni za kuchanja mbwa ugonjwa ulikatika hapa kisiwani mwaka 2014, watu wakastarehe, mwaka 2016 ukaingia tena. Ikabidi kuchanja upya mpaka ukakatika mara ya pili. Bahari haitukingi ikiwa mbwa wanasafirishwa na majahazi bila ya chanjo.

Mtu akiumwa au akikwaruzwa na jino, kwanza maji yanayotiririka na sabuni, robo saa nzima, si kumwagia tu. Wala msitie mafuta ya taa, majivu wala kahawa. Kisha hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Dalili zikishamtokea binadamu hakuna matibabu ya kutegemewa. Na mbwa aliyeuma msimuue kwa hasira. Afungwe pahala salama atazamwe siku kumi. Akibaki mzima baada ya siku hizo, basi siku aliyouma hakuwa na virusi kwenye mate. Ukimuua na kumzika umeizika na habari hiyo.

Kuhasi: kunasaidia kwa dume anayezurura kufuata majike na kupigana na madume wenzake. Ukali wa khofu na wa bakuli hautegemei hilo sana, na mbwa muoga anaweza hata kuzidi. Mhasi ukitaka asizae mitaani, ni jambo jema, lakini usitegemee ndilo litakalomfanya amuache mpwa wako.

Huyo aliyesema mpige ajue bwana wake, hiyo ni fikra ya zamani na haikuanza kwetu. Mwaka 1947 mtafiti Rudolph Schenkel aliandika habari za mbwa mwitu, wale Wazungu wanaowaita wolf, waliowekwa pamoja kizuizini, wakigombania ukubwa. Watu wakaichukua wakaipeleka kwa mbwa wa nyumbani. David Mech, mtafiti wa Marekani aliyesaidia kuieneza, mwaka 1999 mwenyewe aliandika kwamba mbwa mwitu wa porini wanaishi kama familia, baba na mama na watoto wao, si vita vya kugombea cheo. Huku mitaani habari hiyo ya pili haijafika.

Maumivu: usimpe dawa za watu. Ibuprofen inaweza kumtoboa tumbo mbwa na kumharibu figo. Kupe pia, ile dawa ya kuogeshea ng'ombe usimwagie kwa kukisia, uliza kipimo. Mwite bwana mifugo wa eneo lako, na kabla hajafika tafuta mtu wa kumfunga mdomo kwa kitambaa, afunge kwa muda mfupi tu maana mbwa anapoa mwili kwa kuhema.

Sumu: jirani akikutajia tena mkumbushe kwamba sumu haina macho. Mbuzi watakula, kuku watadonoa, na watoto wanaookota vitu chini mnao.

BiFuoni

Mimi nitasema kuhusu mama yako, maana wanaume mmeandika yote na bi mkubwa mmemruka.

Nyumbani kwetu Fuoni tuna mbwa wa ulinzi na mama mkwe anayesali sala zote msikitini. Tumekaa kwa amani kwa sababu mambo yana mipaka na kila mtu anaijua. Mbwa ana bakuli lake, halichanganyiki na chombo cha jikoni hata siku moja, linaoshwa bomba la nje. Kibanda kiko upande usioelekea pa kutilia udhu wala kamba ya nguo. Anayemlisha ana nguo yake ya kazi hiyo. Sisi wa madhehebu ya Shafi tunajua habari ya kuosha mara saba, moja kwa udongo, na udongo upo pale pale kwenye kopo. Mama yako anajua vile vile kwamba mbwa wa mifugo, wa kuwinda na wa shamba amevuliwa katika lile katazo la kufuga. Bobi ni mbwa wa shamba. Mweleze hivyo kwa adabu, usimletee ubishi kwamba wenzetu wa madhehebu ya Maliki hawamuoni najisi, utamkasirisha bure.

Ukimpeleka mbali na jiko kama alivyosema Msasi umetatua nusu ya malalamiko yake bila ya kuyataja.

Jirani naye nenda kwake kabla hajakwenda kwa sheha. Mpelekee kanzu mpya ya mtoto kama ni wa ukoo wao, mwambie umemhamisha mbwa, muoneshe na kadi ya chanjo. Watu wanaogopa kitu wasichoambiwa.

Na watoto wafundishwe. Chuoni hawafundishwi haya. Mbwa akija mbio, simama kama mti, mikono ubavuni, usimtazame machoni, usikimbie wala kupiga kelele. Mbwa amelala, anakula au ananyonyesha, haguswi. Wanangu nimewachezesha kama mchezo, mmoja anakuwa mbwa mmoja anakuwa mti, sasa wanajua wenyewe. Watoto wa kwetu wanarusha mawe kwa mbwa wakimuona tu. Huyo Bobi akiwa amefungwa pale kinjiani, umeshauliza wanamfanyia nini wakati wewe haupo?

MkulimaWaOle

Ahsanteni sana, Mwenyezi Mungu awalipe. Shikamoo Bwana Mifugo, shikamoo Bi Fuoni.

Swali la Bi Fuoni ndilo lililoniamsha. Nimemuuliza mpwa wangu kwa upole, kasema kuna wakubwa wanampiga Bobi kwa embe bichi wakipita, wanashindana nani atampata puani. Chini ya mwembe kweli zimejaa, nilidhani zimeanguka zenyewe.

Sikio lilikuwa la siku hizi, halikulala tangu kuzaliwa. Bwana mifugo kaja, tukamfunga mdomo kwa kipande cha kanga, sikio likafunuliwa. Harufu ile siwezi kuwaelezea. Ndani uchafu mweusi kama masimbi ya kahawa, na kupe watatu wamevimba mpaka wamekuwa kijivu. Kasafisha, kampa sindano, kaniachia dawa ya kutia. Kadi ya chanjo niliipata ndani ya msahafu wa binamu, ilikuwa imepita muda, kachanjwa tena.

Nimemhamishia nyuma ya banda la mbuzi, waya umefungwa baina ya mnazi na mfenesi. Kubweka kumepungua sana. Kichwani ananiruhusu, upande wa sikio zima. Lakini bakuli bado. Mimi nikisimama hatua kama kumi hana neno, mke wangu akisimama pale pale anakazana. Kwa nini? Na wachumaji wa karafuu watakapoanza kuja, watu wageni, makapu, ngazi, kelele, nimfanyeje?

MsasiWaKusini

Alhamdulillahi kwa sikio.

Mkeo ndiye aliyekuwa akimrushia chakula kwa khofu. Anarusha, anaruka nyuma, labda na kelele juu. Mbwa anaisoma ile khofu, haijui sababu yake, anaona tu kwamba chakula kikija na mtu huyu kuna jambo. Yeye aanze mwanzo kabisa, mbali zaidi kuliko wewe, na kile kitamu kwa sasa kitoke kwake tu. Wewe toa ugali, yeye arushe kichwa cha kibua na kuondoka taratibu. Kama hataki asilazimishwe, ukimlazimisha mtakuwa na wawili wenye khofu.

Wachumaji: usimuweke mbele yao mchana. Mbwa huyu kazi yake ni usiku, karafuu zikiwa zimeanikwa na watu wameondoka. Mchana awe bandani, mlango umefungwa, na wachumaji uwaambie wasimchungulie. Jioni wakiondoka ndipo unapomtoa. Sijui mbwa wa ulinzi anayetakiwa kuwapenda watu arubaini wenye ngazi, mimi huyo sijamuona.

Ikibidi apite kati ya watu, mnunulie kile kikapu cha mdomo cha waya au plastiki, si kamba wala kitambaa. Ndani ya kikapu anahema na anakunywa maji. Kitambaa ni cha dakika mbili za daktari. Anza sasa kumzoesha: tia dagaa ndani ya kikapu, aingize mdomo mwenyewe kula, autoe. Usifunge kamba ya nyuma mpaka awe anaingiza mdomo bila ya kuitwa. Ukisubiri siku ya uchumaji ndiyo umvalishe mara ya kwanza, atapigana nacho mpaka atoe damu puani.

BwanaMifugoMstaafu

Naafiki. Dawa ya sikio umalize yote, hata akionekana amepona katikati. Na hao wakubwa wenye embe, mzungumze mwalimu wao wa chuo. Bobi akienda zake mwengine atafungwa pale pale.

BububuKwetu

Hapo kwenye embe bichi nimenyamaza. Ila mtoto asimkaribie, narudia.

MsasiWaKusini

Hapo tuko pamoja Bububu.

Mkulima, kikapu upime urefu wa pua na mzingo wa mdomo akiwa ameuachama kidogo, siyo ameufunga. Kama Chake Chake hukipati, niandikie vipimo, kuna fundi huku anasuka kwa waya wa ua.